Kabla Hujatupa Zile Tembe za Kliniki, Sikia Kisa cha Bombay

Miezi miwili iliyopita nilikuwa natafuta chaja kwa droo ya dadangu mkubwa. Chaja sikupata. Nilipata tembe. Pakiti tatu nzima za zile tembe za kuongeza damu, hazijaguswa, zimefichwa chini ya soksi kama sigara za kijana wa sekondari. Kando yake kulikuwa na kipande cha gazeti kimefunga odowa, yale mawe laini ya kula ambayo huuzwa sokoni karibu na nyanya na dania.

Dadangu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Kliniki walikuwa wamempima damu wakapata 8.4. Sista aliandika hiyo nambari kwenye kitabu cha mama na mtoto, akaipigia mstari mara mbili, akamwambia, "Mama, kula vizuri, damu yako iko chini sana." Halafu akampa tembe zingine. Foleni ilikuwa ndefu, na sista alikuwa mmoja. Dadangu akaja nyumbani akaziweka pamoja na zile za kwanza.

Nikamuuliza, "Sasa dada, hizi ni za kufanyia nini kwa droo?"

Akacheka kidogo, halafu akakasirika. "Wee, hizo vitu zinanuka msumari. Nikimeza natapika. Nikienda choo ni nyeusi kama lami. Na hakuna mtu amewahi kuniambia zinafanya nini mwilini. Naambiwa tu meza."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ilinifanya nikae chini nisome. Kwa sababu hata mimi sikuwa najua. Nilikuwa najua tu vile kila mtu hujua: mama mjamzito anaishiwa damu, anakunywa juisi ya bitiruti kwa sababu ni nyekundu, na mambo yanaendelea. Nilichopata ni historia ambayo nadhani kila mwanamke anayepewa hizo tembe ana haki ya kuijua, na kila mwanamume anayeishi naye pia. Kaa hapo nikusimulie.

Tuanze na hesabu. Mwanamke akishika mimba, maji ya damu yake huongezeka kwa karibu nusu. Chembe nyekundu, zile zinazobeba hewa, nazo huongezeka, lakini si kwa kasi hiyo. Kwa hivyo damu inakuwa nyepesi kidogo, na hiyo peke yake ni kawaida. Shida ni kwamba kutengeneza hizo chembe mpya, kondo la nyuma na mtoto mwenyewe kunahitaji karibu gramu moja nzima ya madini ya chuma kwa mimba moja. Gramu moja inaonekana kidogo, ni kama kijipande cha waya. Lakini kutoka kwa sahani ya ugali na sukuma, mwili unanyonya miligramu moja au mbili kwa siku. Fanya hesabu na siku mia mbili themanini, utaona mama wengi wanaanza safari na akaunti tayari iko karibu na sifuri.

Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito mwenye hemoglobini chini ya 11 ana upungufu wa damu, na akiwa chini ya 7 hali ni mbaya sana. Kwa makadirio yao, duniani karibu asilimia 37 ya wajawazito wako na tatizo hili. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2011 ulipata ni kama wanne kwa kila kumi. Yaani ukiona kina mama kumi kwenye benchi la kliniki, wanne wao wanapanda ngazi wakihema na wanadhani ni mimba tu.

Sasa, habari ya chuma ni ya zamani. Katika karne ya 17, daktari Mwingereza Thomas Sydenham alikuwa anawapa wasichana waliopauka vipande vya chuma vilivyolowekwa kwa divai. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Blaud akatangaza vidonge vyake vya chuma, na vikauzwa dunia nzima kwa miaka mingi. Kwa hivyo kuna nusu ya ile tembe ya dadangu ambayo ina karibu miaka mia mbili. Lakini hiyo tembe ina vitu viwili ndani. Na ile nusu ya pili ndiyo inanipeleka Bombay.

Mwaka 1928, mwanamke Mwingereza anaitwa Lucy Wills alishuka meli India. Alikuwa na miaka 40. Alizaliwa 1888 karibu na Birmingham, akasoma botania na jiolojia Cambridge, akamaliza 1911. Namaanisha alimaliza masomo, kwa sababu digrii kamili hakupewa. Cambridge haikuwapa wanawake digrii kamili hadi 1948. Vita vya kwanza vilipoanza alikuwa Afrika Kusini, akajitolea kama muuguzi Cape Town. Aliporudi alijiunga na shule ya udaktari ya wanawake London, akafuzu 1920.

Aliitwa India kwa sababu ya kitu kilichokuwa kinawatisha madaktari wa huko, hasa daktari mwenzake Margaret Balfour. Kulikuwa na aina ya upungufu wa damu iliyokuwa inawashika wajawazito na kuwaua. Na huu haukuwa ule wa chuma. Ule wa chuma ukiuangalia kwa darubini, chembe nyekundu ni ndogo na zimepauka. Huu wa Bombay, chembe zilikuwa kubwa kupita kiasi na hazijakomaa, kama maandazi yaliyofura nje lakini ndani ni unga mbichi. Chuma haikusaidia.

Wills alifanya kazi Taasisi ya Haffkine, pale Parel, mtaa uliozungukwa na viwanda vya nguo. Wagonjwa wengi walikuwa wanawake wa hapo hapo: wafanyakazi wa viwanda na wake za wafanyakazi, wengi wao maskini kabisa. Na hapa ndipo nampendea huyu mama. Nadharia za wakati huo zilikuwa nyingi: labda ni vijidudu, labda ni sumu ya mimba yenyewe, labda ni uchafu wa nyumba. Yeye na mwenzake S. N. Talpade walifanya uchunguzi wa maisha ya hao wanawake, usafi wa kwao na chakula chao. Wakalinganisha walioathirika zaidi na wasioathirika. Jibu likaanza kuonekana kwa sahani. Wanawake Waislamu maskini ndio walikuwa wameumia zaidi, na mlo wao ulikuwa na mboga na matunda kidogo sana.

Sikia, hilo ni jambo kubwa. Katika enzi ya ukoloni, ambapo jibu rahisi lilikuwa kusema hawa watu wana miili dhaifu au ni wachafu, kuna mtu aliuliza: mama huyu jana alikula nini?

Wakarudi maabara. Wakachukua panya wakawalisha kama vile wale wanawake walikuwa wanakula. Panya wakaishiwa damu. Lakini ikaja kugunduliwa kwamba panya walikuwa na chawa, na chawa walikuwa wamewaambukiza kijidudu ambacho nacho hukausha damu. Kwa hivyo kazi yote ya panya ikawa na doa. Mtu mwingine angefunga virago. Wills akahamia kwa kima, akawalisha mlo ule ule duni, nao wakaugua kama wanawake. Na hapo ndipo walijaribu kitu ambacho hakuna mtu angekitarajia: Marmite.

Kama hujawahi kuonja Marmite, ni ile dawa ya mkate nyeusi, nzito, yenye chumvi, ambayo Waingereza hupaka na kubishana kama ni tamu au ni adhabu. Imetengenezwa tangu 1902 kwa hamira inayobaki baada ya kupika bia. Yaani ni mabaki ya kiwanda cha pombe. Ni bei nafuu, na haina nyama. Kima akapona.

Jambo la nyama ni muhimu. Wakati huo dawa mpya ya upungufu wa damu ilikuwa maini. Mwaka 1926 Wamarekani George Minot na William Murphy walikuwa wameonyesha kwamba kula maini mengi kila siku kunatibu aina moja ya ugonjwa mbaya wa damu, na 1934 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Sawa kabisa. Lakini mwambie mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo anunue maini kila siku. Na mwambie mama wa Kihindu ambaye nyama haingii kinywani mwake ale maini. Dawa ambayo mgonjwa hawezi kuinunua wala kuimeza si dawa, ni hadithi.

Wills akawapa wagonjwa wake Marmite. Baada ya siku chache, chembe changa za damu zikaanza kujaa, hamu ya chakula ikarudi, wanawake waliokuwa wamelala wakaanza kukaa. Mwaka 1931 alichapisha matokeo hayo katika jarida la madaktari la Uingereza. Hakujua ni kitu gani hasa kilikuwa ndani ya Marmite. Alijua tu kipo, na kwamba ni tofauti na kile kilichokuwa kinatibu wagonjwa wa Minot, kwa sababu dawa ya maini iliyosafishwa sana haikuwatibu wagonjwa wake, lakini Marmite na maini ghafi ziliwatibu. Watu wakakiita kitu hicho kwa jina lake, kigezo cha Wills.

Ilichukua miaka kumi kukishika. Mwaka 1941, watafiti wa Texas, Mitchell, Snell na Williams, walichuja tani nne za spinachi ili wapate chembe kidogo tu ya hicho kitu. Kwa sababu kilitoka kwa majani, wakakipa jina kutoka neno la Kilatini la jani. Ndiyo hii asidi ya foliki. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 wanakemia wa Marekani walikuwa wanaitengeneza kiwandani.

Kwa hivyo sasa unajua ile nusu ya pili ya tembe ya dadangu. Inatoka kwa wanawake wa Parel waliokubali kuchomwa sindano na kutoa damu wakiwa hawana hata ya kutosha. Majina ya watafiti yameandikwa. Majina ya hao wanawake mimi sijayaona popote. Hilo nalo ni sehemu ya historia.

Hebu tusimame kidogo tuangalie nyumbani. Mwaka huo huo wa 1931, serikali ya Uingereza ilichapisha ripoti kuhusu Kenya. John Boyd Orr na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa huduma za matibabu za koloni, walikuwa wamelinganisha afya ya Wakikuyu na Wamaasai. Wamaasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu kwa nafaka, mizizi na kunde. Walipata wanaume Wamaasai ni warefu na wazito zaidi, na upungufu wa damu ulikuwa mwingi zaidi kwa Wakikuyu. Lakini kuna jambo dogo humo lililonivutia: waliona kwamba wanawake Wakikuyu walikuwa wakila mboga za majani ambazo wanaume wao hawakuwa wanazijali.

Yaani nyanya zetu walikuwa na akili zao. Hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na macho. Mmaasai alijua mama aliyetoka kujifungua anapewa damu ya ng'ombe. Mabibi wa kwetu walijua terere na managu si chakula cha umaskini. Sisemi warudi kila kitu cha zamani, wasee, msinitafute kwa maoni. Kina mama wengi pia walikufa zamani, na hakuna aliyewahesabu. Nasema tu kwamba ule ujuzi wa kumwekea mama mjamzito chakula chake maalum ulikuwepo, na tuliuacha mahali fulani kati ya shamba na mtaa wa kupanga.

Sasa tuje kwa mtoto, kwa sababu wengi hudhani hii damu ni shida ya mama peke yake.

Mwaka 1965 huko Liverpool, Elizabeth Hibbard na Richard Smithells walichapisha dokezo kwamba kina mama waliozaa watoto wenye kasoro za ubongo na uti wa mgongo mara nyingi walikuwa na upungufu wa foliki. Wengi walitilia shaka. Ikabishaniwa miaka na miaka. Mwisho, mwaka 1991, yakatoka matokeo ya jaribio kubwa: wanawake 1,817 katika vituo 33 vya nchi saba, wote walikuwa wamewahi kupata mimba ya mtoto mwenye kasoro hiyo. Waliopewa asidi ya foliki walipunguziwa hatari ya kurudia kwa asilimia 72. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa wazi.

Ile kasoro ndiyo sisi tunaita mgongo wazi. Na hapa kuna kitu kinaniuma. Uti wa mgongo wa mtoto hufungwa ndani ya siku 28 tangu mimba itunge. Siku 28! Wakati huo mama wengi hata hawajajua wana mimba, wanadhani siku zimechelewa tu. Na wengi wetu huanza kliniki mwezi wa tano, tumbo likishaonekana. Tembe ya mwezi wa tano itasaidia damu, lakini mgongo ulishafungwa au ulishakataa kufungwa zamani. Kwa hivyo kama unapanga kupata mtoto, foliki unaanza kabla. Na kama hukupanga, basi iwe tayari kwa chakula chako.

Hiyo ndiyo sababu ya unga. Marekani walilazimisha foliki kwenye unga wa nafaka kuanzia 1998. Kenya ilifuata 2012: unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani lazima uongezwe chuma, foliki, zinki na vitamini. Ukiangalia pakiti ya unga wako utaona imeandikwa. Lakini niambie ukweli, mtaani kwenu watu wangapi wananunua unga wa pakiti kila siku? Wengi wanapima kwa gorogoro, wanapeleka kwa posho mill. Na posho mill inasaga tu kile umeleta. Kwa hivyo sheria imemfikia yule anayeweza kununua pakiti, na yule ambaye sahani yake inafanana zaidi na ile ya Parel amebaki nje.

Rudi kwa mtoto. Mama akiwa na upungufu mkubwa wa damu, mtoto ana hatari zaidi ya kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Halafu kuna akiba. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na akiba ya chuma ya kama miezi sita, aliyopewa na mama tumboni. Maziwa ya mama ni bora kuliko chochote, lakini chuma ndani yake ni kidogo. Asili ilipanga mtoto atumie ile akiba mpaka aanze uji. Akija na akiba ndogo, anaishiwa mapema, wakati ubongo wake unajengwa kwa kasi. Deni la mama linakuwa deni la mtoto.

Na kuna zawadi ya mwisho ambayo haigharimu chochote. Mtoto akizaliwa, damu yake nyingine bado iko kwa kondo, inaendelea kuingia kupitia kamba ya kitovu. Ukisubiri dakika moja hadi tatu kabla ya kubana, anapata chuma ya ziada ya kumsukuma miezi kadhaa. Hili lilisemwa kitambo: mwaka 1801 Erasmus Darwin, babu yake yule Darwin maarufu, aliandika kwamba kufunga kitovu haraka sana kunamdhuru mtoto. Lakini katika karne ya 20 hospitali nyingi zikazoea kubana pale pale, na sasa Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri, isipokuwa mtoto anahitaji kusaidiwa kupumua haraka. Zaidi ya karne mbili kujifunza kungoja dakika moja.

Mama mwenyewe naye ana hatari yake siku hiyo. Kutokwa na damu baada ya kujifungua ni moja ya vitu vinavyoua kina mama sana hapa kwetu. Anayeingia chumba cha kujifungulia na 12 anaweza kupoteza damu fulani akasimama. Anayeingia na 7 hana ya kupoteza. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Walitumia kitambaa cha plastiki chenye alama za kupimia damu inayotoka, badala ya kukadiria kwa macho, halafu wakatoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndio lije lingine. Kutokwa na damu kupita kiasi na madhara yake vikapungua kwa asilimia 60. Tena kitu cha bei ndogo, tena jibu lilikuwa kumwangalia mama vizuri.

Sasa nirudi kwa droo.

Odowa kwanza. Tumezoea kucheka wajawazito wanaokula mawe. Lakini miaka ya 1990 watafiti walienda Kilifi, wakapata zaidi ya nusu ya wajawazito waliowauliza wanakula udongo, na wanaokula walikuwa na akiba ndogo ya chuma mwilini. Tamaa ya udongo mara nyingi huenda pamoja na mwili uliokosa chuma. Na udongo wenyewe hauisaidii damu, unaweza kuzuia chuma kunyonywa na kuleta minyoo. Kwa hivyo dada akitafuta mawe, usimcheke. Mpeleke akapimwe.

Pili, chai. Hapa Kenya chai ni dini, najua. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula au tembe inashika chuma na kuizuia kuingia mwilini. Ndengu nzuri, managu mazuri, halafu kikombe cha chai juu yake, umefunga mlango kwa mkono wako. Chungwa, ndimu au pera hufanya kinyume, inafungua mlango. Ngoja saa moja hivi au mbili ndio unywe chai yako.

Tatu, bitiruti. Ni chakula kizuri na foliki iko. Lakini chuma yake ni kidogo. Rangi nyekundu si damu. Maini, nyama, omena, ndengu na mboga za kienyeji zitakufikisha mbali zaidi. Na kama unatoka Pwani au kando ya ziwa, malaria inavunja chembe za damu na kujificha kwenye kondo, kwa hivyo neti na zile dawa za malaria za kliniki ni sehemu ya hii hii habari.

Nne, choo cheusi. Hiyo ni chuma ambayo haikunyonywa inatoka. Si sumu. Ingekuwa sentensi moja tu pale kliniki na pengine pakiti tatu zisingelala kwa soksi.

Hapa ndipo maoni yangu yako, na unaweza kukataa. Nadhani tumechukua kazi ya Lucy Wills tukaikata nusu. Tumechukua tembe, tukaacha swali. Yeye alianza kwa kuuliza mama anakula nini na anaishi vipi. Sisi tunampa mama tembe, tunamwambia "kula vizuri," halafu tunamlaumu nambari ikikataa kupanda. Kula vizuri kwa pesa gani? Nani nyumbani anapewa kipande kikubwa cha nyama? Wills mwenyewe hakuweza kuwapandishia wanawake wa Parel mshahara. Aliweza kuwapa Marmite tu. Hiyo ilikuwa kasoro ya wakati wake. Karibu miaka mia moja baadaye bado tunafanya vivyo hivyo, na sisi tunajitawala.

Simlaumu sista. Mtu mmoja na foleni ya kina mama arobaini hawezi kutoa somo la historia. Lakini somo linaweza kutolewa kwenye benchi, kwa chama, kwa kanisa, kwa hizi simu tunazoshika usiku kucha. Na wanaume wenzangu, hii si habari ya akina mama. Ukijua mkeo ana 8, sukuma wiki bila kitu kando si chakula cha mjamzito. Robo ya maini ni yake, si yako.

Dadangu tulikubaliana hivi. Tembe anameza usiku akienda kulala, ili kichefuchefu kimpate amelala, na anasukuma kwa maji ya ndimu. Chai ikahamia saa kumi jioni, peke yake. Shemeji akapewa kazi ya omena na maini. Odowa hajaacha kabisa, alinikubalia hilo juzi akiwa anaona aibu, lakini imepungua. Wiki iliyopita alipimwa tena: 10.2. Bado si 11. Amebakisha wiki chache, na bado naogopa kidogo, sitaki kudanganya.

Jioni hiyo aliniuliza, "Yule mama wa Marmite, alikuwa na watoto?"

Nikamwambia hapana, hakuolewa wala hakuzaa. Wakati wa vita vya pili alikuwa London, akiwapima wajawazito chuma. Alikufa 1964.

Akanyamaza. Halafu akashika tembe yake akaiangalia kwa taa, kama mtu anayeangalia noti mpya ya elfu, akameza.

Kama kuna mjamzito kwenu, mwulize leo damu yake iko ngapi. Mwulize kwa upole. Halafu angalia droo.